Ruqia na Neno la Kumjivunia Mwana

Katika duka lake la vitambaa mjini Migori, Ruqia aliweza kukisifia kitambaa mpaka mteja akajiona keshakivaa. Watoto wake, hata hivyo, hakuwahi kuwasifu hata siku moja. Mama yake, huko Garissa, alimlea akiamini kwamba anayemsifu mwanawe mbele za watu anamchulia mabaya. Na Ruqia mwenyewe alikuwa akikiogopa kiburi kama moto.

Basi habari zilipokuja kutoka chuo cha uuguzi, Homa Bay, kwamba Sumayya, kifungua mimba wake, ameongoza darasa, na kwamba mama atasema machache siku ya mahafali, Ruqia alibabaika. Alitaka kusema kwa Kiingereza, lugha aliyosomea bintiye. Akamwendea jirani yake, Mwalimu Roselyn, aliyekuwa akimfundisha kidogo kidogo.

"Mama Sumayya, sema tu, 'I am proud of my daughter.'"

Ruqia akashtuka. "Proud si ndiyo mtu wa kiburi?"

"Ukisema 'he is proud' ukaishia hapo, mara nyingi unamsema mtu vibaya. Weka 'of' baada yake uone. Proud of Sumayya, yaani unamjivunia Sumayya."

"Na boast?"

"Hiyo ni kujigamba. Brag nayo ni hivyo hivyo, tena inaudhi zaidi. Hali yenyewe sasa ndiyo pride. Lakini usiseme 'I am pride', utakuwa umesema wewe ni fahari."

Kale ka-'of' kalimpendeza Ruqia. Kumbe neno lile lilimtazama mtoto, si yeye! Akawa anapima vitambaa huku akilinong'ona, wateja wakidhani anahesabu mita.

Siku ikafika. Ruqia akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili, ukumbi umejaa.

"I am pride—"

Vicheko vikasikika huku na kule. Akamwona Sumayya ameinamisha kichwa, moyo ukampasuka. Nimemwaibisha mtoto wangu, akawaza. Alitamani kushuka, lakini akakiinua tena kipaza sauti.

"Ngojeni," akasema kwa Kiswahili. "Pride ni kitu. Mimi ni mtu."

Ukumbi ukaangua kicheko, na safari hii naye akacheka. Kisha akamtazama bintiye. "I am proud of Sumayya. Very proud. Mashallah."

Vigelegele vikapaa kutoka viti vya nyuma.

Nje, Sumayya alimkumbatia akilia. "Hooyo, miaka yote hii nilidhani hujali."

"Nilijali, mwanangu, mpaka nikaogopa kusema."

"Sema tena."

Ruqia akalirudia, kwa Kisomali sasa, lugha yao ya nyumbani, akimfuta machozi kwa ncha ya mtandio wake. Halafu wakashuka kuelekea ziwani kutafuta samaki wa kukaanga, maana tangu asubuhi hakuna aliyekuwa ametia kitu mdomoni.