Skrubu ya Mashine ya Kanda

Ilikuwa saa nne na robo asubuhi, mwanangu, Bi Zuhura alipoingia dukani na kanda yake, na nikitazama nyuma naona kazi hii nilianza kuielewa saa ile.

Miaka hiyo ya themanini nilikuwa kijana, nikirekodi kanda katika duka la Bwana Faraji pale Malindi. Watu walikuja kurekodi nyimbo za harusi, na salamu za kupelekea jamaa zao walioko Uarabuni. Mashine kubwa ya duka ilikuwa na kasoro: kichwa chake, kile kipande cha chuma kinachoandika na kusoma sauti kwenye utepe, kilikaa upande kidogo. Kanda zetu zilisikika vizuri dukani, lakini majumbani zilififia. Nikajifunza mwenyewe, kwa kitabu na majaribio, nikaizungusha skrubu inayokishikilia hadi kichwa kikanyooka. Kanda mpya zikawa safi kila mahali, kuanzia Muyeye hadi Kikambala. Nikajiona fundi.

Bi Zuhura alikuwa na kanda ya zamani, iliyorekodiwa kwetu kwa mashine ile, ya marehemu mama yake akiimba na kupiga tari. Kwake ilivuma tu, kwa hiyo kila alipomkumbuka alikuja kuisikiliza kwetu. Siku hiyo alitaka nakala. Binti yake alikuwa anaolewa Ijumaa, naye alitaka bibi amwimbie mjukuu wake.

Nikaiweka. Sauti ikatoka kama ya mtu aliyejifunika blanketi.

"Huyu si mama," akasema. "Mama yangu mmempeleka wapi?"

"Bi Zuhura, mashine sasa ni nzima."

"Nzima kwako. Ilipokuwa mbovu nilikuwa namsikia."

Bwana Faraji akaweka kikombe chake cha kahawa chini. "Haya, fundi mnyoofu," akaniambia. "Kichwa umekinyoosha. Na zile zilizorekodiwa kikiwa upande, utazinyoosha na nini?"

Akatia alama ya wino mahali skrubu ilipokaa, kisha akaizungusha kidogo kidogo kwa bisibisi, sikio karibu na spika. Mara tari ikalia, na juu yake sauti ya mwanamke mtu mzima, hata pumzi zake.

Bi Zuhura akajifuta macho kwa upindo wa leso. "Ndiye. Usiguse tena, baba."

Tukanakili kwenye mashine ya pili, iliyokuwa sawa, kisha Bwana Faraji akairudisha skrubu kwenye alama. Ijumaa ile bibi aliimba harusini.

Wewe leo, mwanangu, unatunza programu ya kurekodi muziki, ile sehemu ya ndani inayopitisha sauti, nayo inatakiwa ifanye kazi kwenye kompyuta za kila aina. Kosa ukiliona, lirekebishe. Lakini kabla hujaligusa, uliza ni kazi za nani zilizohifadhiwa kwa kulifuata kosa hilo, uziachie njia ya kusomeka. Na utie alama pale ulipoanzia, ili ujue kurudi.

Bwana Faraji alishafariki. Tulirekodi sauti za mji mzima, yeye hatukumrekodi. Mimi najaribu kumsikia akiniita fundi mnyoofu, na kila mwaka sauti yake huzidi kunififia. Hapa sina skrubu ya kuzungusha.

Mungu akupe sikio lenye subira na mkono usio na pupa, na akujaalie uwasikilize uwapendao wangali karibu nawe.