Upande wa Mlima Usio na Kibanda

Siku yangu ya kwanza kazini, Mistri hakuniuliza nimesoma hadi wapi. Alinipa nyundo akaniambia nigonge chuma chekundu mpaka kiwe bapa. Karakana yake ilikuwa Thika, nyuma ya maduka ya Wahindi, na yeye alikuwa Kalasinga wa mabega mapana na maneno machache. Nilidhani tunatengeneza bawaba za milango. Kumbe ilikuwa misumari ya mwamba: vyuma vyenye tundu, vinavyogongwa kwenye ufa wa jiwe ili kamba ya mpandaji ipite hapo na kumdaka akianguka. Walioiagiza ni wazungu wa chama cha wapanda milima.

Mistri hakupenda kuuza kitu ambacho hajakijaribu. Jumapili tulienda kwenye machimbo ya mawe ya Ruiru, yeye akapanda ukuta nami nikashika kamba chini, nikiiachia taratibu. Baadaye tukabadilishana. Mimi ni Mkamba wa upande wa Kilimambogo, na majabali nilikuwa nimeyazoea tangu utotoni kwa kufuata mbuzi. Sikujua kwamba mtu anaweza kuyapenda.

Miaka ya hamsini ikielekea mwisho, msitu wa Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, uliofungwa wakati wa vita vya Mau Mau, ulifunguliwa tena. Wenzangu Wakikuyu pale Ruiru nilikoishi walikuwa bado hawawezi kusafiri bila kibali, lakini pasi yangu iliniruhusu. Mistri akamwomba katibu wa kile chama ruhusa tulale kwenye kibanda chao cha mlimani. Katibu alikuwa amekuja kuchukua misumari. Nilikuwa nimesimama pale pale, nyundo mkononi.

"Wewe naweza fikiri," alimwambia Mistri. "Boi yako atabaki na wapagazi."

Alipoondoka, Mistri alifuta mikono kwa kitambaa. "Mlima una pande nyingi, Mutinda," akasema. "Kibanda kiko upande mmoja tu."

Hapo ndipo nilipojifunza kuchagua mahali, na hili nawaambia ninyi mnaokimbilia njia iliyojaa watu. Kuanzia Juni hadi Septemba jua huelemea kaskazini, jiwe la upande huo likakauka, huku upande wa kusini ukishika barafu. Tazama chini ya mwamba kwanza. Ukikuta rundo la mawe mapya yenye kingo kali, ujue yanaanguka bado. Tafuta maji karibu na njia ya kushukia kabla ukungu wa alasiri haujakufunika. Kama hakuna aliyewahi kukusimulia habari za mahali hapo, usiogope, ila anza mapema.

Tulichagua mgongo mrefu wa mwamba upande wa kaskazini, ambao hatukujua jina lake. Tulilala chini ya jabali. Asubuhi Mistri alitangulia na kamba, kama kawaida, nami nikafuata. Tulikuwa tumepita katikati jiwe lilipochomoka na kumpiga begani. Nilimshika kwa kamba mpaka akapata pa kukaa. Mkono wake wa kulia haukuinuka.

Nilimwambia tushuke. Akatazama chini, kisha juu, akasema huko tulikotoka ni kubaya zaidi, na njia rahisi ya kushukia iko ng'ambo ya kilele.

"Tangulia wewe," akasema.

Sikuwa nimewahi kutangulia nje ya machimbo. Lakini nilikumbuka yule katibu na neno lake, nikapata hasira, na hasira ikanipandisha. Nilipanda, nikagonga msumari, nikamvuta Mistri, nikapanda tena. Kileleni hatukuona chochote ila wingu. Mistri alicheka peke yake, bega likimuuma.

Katibu aliporudi karakanani akasikia habari, aliuliza nani aliongoza. Mistri akaninyooshea kidole. Katibu akasema safari hiyo haitatambuliwa mpaka turudie na mzungu wa kuishuhudia. Mistri alimkabidhi misumari aliyoagiza, akamwambia asirudi tena. Huyo ndiye aliyekuwa mteja wetu mkubwa. Tukaanza kufua bawaba na majembe, na kila kiangazi tukaenda mahali ambapo hatukuhitaji ruhusa ya mtu.

Baada ya Uhuru niliajiriwa na kampuni ya utalii kuongoza wageni mlimani. Meneja alitaka niwapitishe njia maarufu. Niliwapeleka kwenye mwamba usio na watu, akanifukuza mara mbili, na mara zote mbili wageni walinifuata.

Mistri alifariki zamani. Mimi nilistaafu magoti yalipokataa. Majuzi viongozi wa kile chama cha wapanda milima waliniita Nairobi kunivisha beji, mbele ya watu, kama mpagazi mkongwe wa mlima. Nilisimama nikasema, "Mimi nilikuwa mpandaji. Andikeni hivyo, au mkae na beji yenu."

Walikaa nayo. Nilirudi nyumbani Gatongora, kule Ruiru, binti yangu akanipakulia githeri, nikala sahani mbili.