Farasi Katika Banda la Bibi

Farasi alipanda mlima kwa lori la kukodi, amefunikwa blanketi, na bibi yangu akampokea kama tunavyompokea mgeni yeyote uchaggani: chakula kwanza, maswali baadaye. Alimwekea majani mabichi aliyoyabeba kichwani kutoka shamba la tambarare, kule chini Himo, kisha akasimama pembeni kumtazama anavyotafuna.

Aliyemleta ni mjomba, kitinda mimba wa bibi, anayetunza farasi wa kupandisha watalii kwenye nyanda za magharibi mwa mlima. Farasi jike yule alikuwa amezeeka, mgongo wake hauhimili tena tandiko, na mwenye shamba hakutaka kulisha mnyama asiye na kazi. Mjomba akamwomba. Kwa kuwa yeye mwenyewe anaishi chumba cha wafanyakazi, akamleta kwa mama yake.

Bibi aliuliza ukoo wa mgeni. Mjomba akaeleza kwamba farasi nao wana makabila. Kuna wa Kiarabu, mwenye uso uliobonyea kidogo na mkia anaoubeba juu kwa maringo. Kuna wa Kisomali, mdogo, mkavu, anayevumilia kiu. Huyu baba yake alikuwa wa Kiarabu, mama yake wa Kisomali.

"Basi huyu ni mtu wa Moshi mjini," bibi akasema, akanigeukia. "Kama mwenzake huyu hapa."

Baba yangu anatoka katika familia ya Kiislamu ya mjini, yenye Mwarabu, Mpare, Mnyamwezi na wengine ambao hakuna anayewakumbuka vizuri. Mama ni binti wa bibi huyu wa Kilutheri. Utani ule niliuzoea tangu utoto, lakini siku ile niliupenda, kwa sababu ulimpatia farasi mahali katika ukoo wetu.

Kabla ya kuondoka, mjomba alisisitiza kwamba farasi atembezwe kila siku. Bibi hakupendezwa.

"Mgeni hatumwi," alisema.

"Mama, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

"Huyu ameshalima vya kutosha."

Kwetu ng'ombe hatoki nje. Kihamba, yaani shamba la nyumbani, kimejaa migomba na kahawa mpaka mlangoni, hakuna pa kuchungia. Ng'ombe hukaa bandani akakatiwa majani na vipande vya mgomba, na yeye hulipa kwa maziwa na samadi. Mnyama anayezurura barabarani ni mnyama asiye na mtu. Kwa hiyo bibi alimhamisha ndama, akatandika majani makavu ya mgomba, akamfanyia farasi heshima kubwa kuliko zote anazozijua: akamfungia ndani.

Jumamosi nilipanda kutoka chumba changu cha kupanga karibu na hospitali ya Mawenzi, mjini, nikawakuta pamoja. Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda, akichana singa za farasi kwa kitana chake mwenyewe na kumsimulia kwa Kichagga habari za kanisani. Farasi aliweka kidevu chake begani kwa bibi na kufumba macho. Nilisimama mlangoni nisiweze hata kubisha hodi.

Kisha mvua za masika zikaja, na asubuhi moja farasi hakuweza kusimama. Kwato zake zilikuwa zimerefuka na kupinda mbele kama kandambili zilizochakaa. Chini zilikuwa zimelainika kwa unyevu wa matandiko, zikinuka. Nilimpigia mjomba simu. Alifika na kisu na tupa, akachuchumaa, akainua mguu mmoja baada ya mwingine. Mwisho aliniambia kwa sauti ya chini kwamba asiposimama, daktari wa mifugo atalazimika kumpumzisha kwa sindano. Bibi alikuwa nyuma yetu.

"Nilimlisha," alisema.

"Ulimlisha vizuri sana, mama. Ila farasi si ng'ombe. Uhai wake uko miguuni."

Bibi alitoka. Alirudi na jani la sale kutoka mpakani mwa shamba, lile tunalopeleka kwa mtu tuliyemkosea, amelifunga fundo kama inavyopasa. Aliinama, akamnyooshea farasi kwa mikono miwili. Farasi akalinusa, akaling'ata.

"Mama, anakula msamaha," mjomba akasema.

"Basi amepokea," bibi akajibu, akilichomoa taratibu midomoni mwake. Macho ya bibi yalikuwa yamejaa machozi.

Kwa maji ya chumvi, tupa na matandiko makavu, farasi alisimama, mwanzoni akitetemeka. Lakini vijia vyetu ni tope na mteremko. Mjomba alikuwa na rafiki, mfugaji wa kule nyandani, aliyekubali farasi achungwe pamoja na punda wake kwenye ardhi kavu. Bibi aliambiwa. Aliendelea kukata majani na kuchana singa, hata siku moja, kitana mkononi, akauliza, "Lini?"

Tulipita Moshi, tukapita Kwa Sadala, tukakata kulia kuelekea nyandani. Bibi alikaa mbele, amepakata mzigo wa majani. Tulikuwa tunakwenda kwenye majani yasiyo na mwisho, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Kule, katikati ya punda wa yule mfugaji, walikuwapo punda milia. Mjomba alisema wote hao ni ukoo mmoja na farasi, isipokuwa hawa wenye mistari hawajawahi kukubali kubebeshwa mzigo na mtu. Bibi hakutazama mistari. Alitazama chini.

"Kwato zao nani anazikata?"

"Hakuna, mama. Ardhi inazisaga wakitembea."

Farasi alishushwa. Bibi alifungua mzigo wake, akautandaza palepale juu ya nyasi za watu. Farasi akala kidogo, kwa adabu, kisha akainua kichwa. Punda milia nao waliinua vyao. Akaanza kwenda kwao, polepole, na kwato zake zikagonga ardhi kavu: ko, ko, ko.

Bandani, juu ya majani ya mgomba, hatukuwahi kuisikia sauti hiyo.

Bibi aliikunja kamba ya mzigo, akaitia begani, akafumba macho.

"Nyamazeni," alisema. "Nimsikilize."