Fimbo Niliyomwambia Aiache

Mimi ni mtu wa kupiga pasi. Katika kambi ya wakimbizi Tanzania, tulikokaa miaka mingi kabla ya kuletwa Sydney, nilijifunza kwamba ukifika mchafu kwenye dirisha la ofisa unaambiwa urudi kesho. Kwa hiyo mume wangu alipoitwa kupimwa kwa ajili ya pensheni ya ulemavu, nilimnyooshea suti ya kanisani, nikang'arisha viatu, nikamvisha soksi mwenyewe maana hawezi kuinama. Mgongo wake uliumia kazini, kwenye ghala huko Lidcombe, alipoangukiwa na masanduku.

Mlangoni akashika fimbo yake.

"Papa, acha fimbo," nikamwambia. "Tunaenda kwa bakubwa. Utaonekana sawa mwenye kuomba-omba."

Akaiacha. Akatembea mbele ya mpimaji huku amekaza meno, na alipoulizwa hali akajibu kama alivyolelewa: nzuri, namshukuru Mungu. Mpimaji akaandika yote. Nadhifu, anatembea bila msaada, hana malalamiko. Akanyimwa pensheni. Maana yake aendelee kuomba kazi kila wiki, mtu ambaye nikienda zamu kwenye nyumba ya wazee nilikuwa namwacha amelala sakafuni kwa sababu kitanda kilimtesa zaidi.

Tukakata rufaa kwenye baraza la rufaa za pensheni. Walimhoji kwa simu, mkalimani akiwa kwenye laini, nami niko kazini naogesha wazee wa watu. Wakakataa pia. Ikabaki Mahakama ya Shirikisho, mjini. Safari hii niliomba ruhusa kazini, na wiki nzima kwenye treni niliyapanga maneno yangu kwa Kiingereza: kosa ni langu, mimi ndiye niliyemkataza fimbo.

Wakili wetu wa kujitolea akanikata maini hata kabla hatujaingia. Jaji hasikilizi habari mpya, alisema, anaangalia tu kama baraza lilikosea sheria. Nilitaka kumtukana, maskini, na yeye ndiye pekee aliyetusaidia bure.

Nikakaa nyuma. Wakili wa serikali akasimama, akasoma sehemu ya yale mahojiano ya simu. Mume wangu aliulizwa kwa nini siku ya kupimwa hakuwa na fimbo. Alijibu kwamba alisahau. Akaulizwa tena kama kulikuwa na sababu nyingine. Hapana, alisema, nilisahau tu.

Nikasimama bila kujua. Mhudumu wa mahakama akanionyesha kwa kiganja nikae, kwa upole kabisa, nami nikakaa kama mtoto wa shule. Maneno ya wiki nzima sikuwa na pa kuyapeleka. Jaji akasema anasikitika, lakini haoni kosa la kisheria. Rufaa ikatupwa. Mume wangu akamshukuru.

Kwenye treni ya kurudi nyumbani Doonside nilimuuliza, kwa hasira, kwa nini hakusema ukweli wakati bado kulikuwa na watu wa kuusikiliza.

"Niseme nini?" akajibu, macho dirishani. "Kama ni mama ya batoto bangu njo alinikataza fimbo? Ule mukalimani nilijua sauti yake. Ni mutu wa kanisa yetu. Siku ya Mungu, pale kanisani, ungeweka uso wako wapi?"

Kesho yake saa tatu asubuhi alitakiwa kwenda kuomba kazi ya kupakia mizigo.