Ng'ombe wa Kulipia Deni la Serikali

Baada ya uchaguzi, noti mpya zilijaa Garissa kuliko sukari dukani. Kila nikienda mjini nakuta bei imepanda, shilingi imelegea zaidi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kijijini kwetu, upande wa Sangailu, na mshahara ulichelewa hadi nikachoka kuuulizia. Lakini sililii mshahara. Nalilia kisima.

Kisima kilichimbwa na serikali, na mashine yake ilinywa dizeli ya serikali. Katikati ya ukame, ofisa wa tarafa aliitisha baraza. Alikuwa mtu wa "Kenya", kama tulivyozoea kuita ng'ambo ya Mto Tana, utadhani sisi tulikuwa nchi nyingine. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake. Alisema serikali imetumia kuliko inavyopata, mwaka nenda mwaka rudi, ikaziba pengo kwa kukopa, na sasa inachokusanya kinaishia kwa wanaoidai. Dizeli haitaletwa tena.

"Serikali imelemewa na deni," akamaliza.

Nikatafsiri hivyo hivyo, nikingoja watu wawake kwa hasira. Badala yake wazee wakaanza kunong'onezana, mmoja akauliza watu wakutane lini. Kwetu, mtu akisimama hadharani akakiri kuwa deni limemlemea, haachwi. Jamaa zake humchangia mifugo alipe. Mchango huo tunauita qaaraan. Na serikali ilikuwa imesimama mbele yetu ikakiri.

Mama yangu, mjane, alikuwa amebakiwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa. Akamtoa huyo huyo.

"Hooyo, hujui serikali ni kitu gani," nilimfokea, nikimwita mama kwa Kisomali chetu.

"Ni ndugu aliyekwama," akanijibu. "Akikwamuka, mashine itanguruma."

Tukaiswaga mifugo hadi ofisini, mwendo mrefu, ng'ombe wa mama akijikokota nyuma. Ofisa akatoka, akawaona mbuzi waliokonda wakitafuna ua wa ofisi yake, akacheka. Kisha akagundua kwamba anacheka peke yake. Akasema kwa upole, na upole huo namshukuru hadi leo, kwamba serikali haiwezi kupokea mifugo.

Mama hakungoja nitafsiri. "Hii ngombe si besa?" akamuuliza kwa Kiswahili chake. "Wewe nakataa besa yetu?"

"Si kukataa, mama. Ni sheria."

"Mtu nakataa qaaraan, nasema sisi si ndugu yake. Serikali nasema hivyo?"

Ofisa alinitazama nimwokoe. Nilizijua lugha zote mbili, lakini nilishika fimbo nikaanza kuwageuza mbuzi.

Ng'ombe alianguka wakati tunarudi, hatua chache kutoka kwenye birika kavu la kisima. Mama aliketi chini, akamfunika macho kwa mtandio wake hadi akakata roho. Kisha mama akalia. Sikuwahi kumwona akilia hivyo, hata baba alipofariki, na nilihisi chuki ambayo sikujua niielekeze kwa nani. Ofisa yule hakuwa amekopa chochote.

Mashine haikuwashwa tena. Ikapata kutu pale pale, na watu wengi wakahamia mjini bila mnyama hata mmoja.

Mama naye nilimhamishia kwangu Garissa, nilikopewa shule nyingine. Jioni moja tulikuwa tukisikiliza bajeti redioni, maana siku hizo nilitaka kujua ni kipi kitapanda kesho. Waziri akasema pengo ni kubwa, mikopo lazima ilipwe, kwa hiyo kodi itaongezwa na wananchi wote wajifunge kibwebwe. Mama akalinasa lile neno, mikopo.

"Wanataka sisi tulipe deni lao?"

"Ndiyo, Hooyo. Kila mtu."

Akaukunjakunja mtandio wake.

"Kwa hiyo sasa sisi ni ndugu?"

Nikainuka, nikaenda kumtilia chai.