Kadi ya Redio na Wimbo wa Kukamulia

Watu wa Musoma, nawapenda, lakini kwenye memori kadi mnanichoshaga. Mtu anafika kwenye kibanda changu, salamu hajamaliza, "Dada, nipe ya jibii nyingi." Nyingi! Anaangalia ukubwa tu. Hageuzi kadi akaona ile herufi ndogo, C yenye namba tumboni, wala U, wala ile A ya pembeni. Kesho anarudi amevimba. Simu inaganda, video ya harusi ya mdogo wake imekatika katikati ya keki, na mwenye makosa ni mimi. Namwambia, kaka, wewe uliuliza ukubwa wa ghala, hukuuliza upana wa mlango.

Mlango ndiyo spidi. Namba iliyo ndani ya C inakwambia kadi itaandika angalau megabaiti ngapi kwa sekunde. Yenye nne ni nne, yenye kumi ni kumi. U yenye tatu ndani ni thelathini, na hiyo ndiyo ya kurekodia video safi. A ni ya wale wanaohamishia programu kwenye kadi, maana programu haibebi mzigo mmoja mkubwa, inaingia na kutoka na vitu vidogo vidogo bila kupumzika. Nikiyaeleza haya najisikia raha, sitaki kudanganya. Kitu kidogo kuliko ukucha, kikidondoka sakafuni unapiga magoti na tochi kukitafuta, na ndani yake imekaa kwaya nzima ya kanisa na bado kuna nafasi. Miaka yote niliyokaa kwenye biashara hii, bado nakionea ajabu.

Lakini aliyenifanya niifikirie upya ile C na ile U ni mama yangu, ambaye anaishi Butiama na ng'ombe wake na hajawahi kuuza hata vocha.

Mama alikuwa na goita. Alikuwa nayo tangu mimi niko mdogo, tukaizoea kama tulivyozoea kilemba chake. Halafu ikaanza kumkaba. Akilala chali anakosa pumzi, akila ugali anatafuta maji. Tukampeleka kwa daktari, daktari akasema lazima ikatwe, na akasema ukweli wake bila kuzunguka: mshipa wa sauti umepita hapohapo, watakuwa waangalifu sana, ila sauti inaweza kubadilika, na inaweza isirudi.

Mama akaishika goita yake kwa kiganja. Kisha akauliza, "Sasa ng'ombe nitamkamuaje?"

Daktari alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua anachouliza.

Kwetu ng'ombe hakamuliwi kimyakimya. Unamwacha ndama anyonye kidogo, unamvuta, unamfunga mbele ya mama yake ili amlambe, ndipo unakaa na kuimba. Kila mwanamke na wimbo wake, na ng'ombe anamjua mwenye wimbo. Huyu wa mama, mwekundu mwenye paji jeupe, alikuwa mkorofi kupita wote. Kwa mama anatoa maziwa mpaka povu linamwagika. Akikaa mtu mwingine, hata wifi yangu anayeishi naye boma moja, anabana maziwa na teke juu. Mama yake huyo ng'ombe alikuja pale kwa mahari yangu. Kwa hiyo mimi nilihamia kwa mume Kamunyonge, huku Musoma, na yeye akazaliwa kwetu.

Nikasema, basi, tutaurekodi huo wimbo. Sauti isiporudi, ng'ombe atasikia simu. Hiyo si ndiyo kazi yangu? Mama alikuwa na simu ya tachi niliyomnunulia mwenyewe, na ndani nilikuwa nimeweka kadi ya U yenye tatu, nikamsifia kabisa, "Mama, hii ni kali, hakuna kadi kali kama hii hapa Butiama nzima."

Nikafika jioni, kesho yake asubuhi gari lilikuwa linatupitia kwenda hospitali Mwanza. Mama akakaa kwenye kigoda, ndama akafungwa, nikanyoosha simu nikabonyeza kurekodi. Akaanza kuimba. Simu ikaandika kidogo, ikaganda, ikaniletea maneno: kadi ni polepole, kurekodi kumesimama.

Nikaanza upya. Ikasimama. Nikaizima, nikaiwasha, nikaipuliza kama vile ina vumbi. Ikasimama. Mama huku anaimba, anakohoa, anaanza tena kwa ajili yangu, na maziwa yakaisha kwenye chuchu. Mimi nikapandwa na hasira nikaitukana ile simu matusi ambayo sitayaandika hapa, na kiwanda chake, na aliyenishauri kuinunua. Wifi akaingia ndani kwa heshima ili acheke vizuri.

Ndipo nikafungua kile kidude cha kadi. Jamani! Kadi niliyoikuta siyo yangu. Ilikuwa kadi nyeusi iliyochubuka, C yenye nne, ile niliyomwekeaga nyimbo za kwaya kwenye redio yake miaka ya nyuma.

"Mama, hii kadi imetoka wapi?"

"Ya redio hiyo," akajibu, anamfungulia ndama. "Ile yako kali nimeiweka kwenye redio."

"Kwa nini?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanachemka. "Si ulisema ina nguvu? Redio inafanya kazi kutwa nzima. Inaanza kabla jua halijatoka mpaka nalala. Hiyo simu inakaa tu kwenye kabati, inasubiri wewe upige. Sasa maksai mwenye nguvu unamfunga kwenye jembe au unamwacha zizini apendeze?"

Nilitaka kufoka, lakini kwa hesabu yake alikuwa sawa. Mwanamke aliyelima kwa maksai maisha yake yote hawezi kufikiri vingine. Kazi ya kutwa ndiyo inapewa mwenye nguvu. Tatizo ni kwamba redio haiipi kadi kazi nzito. Nikakaa chini kwenye jiwe nikamweleza kwa Kizanaki, na mjue kuna maneno ya kibanda changu ambayo Kizanaki hakina. Nikamwambia redio inasoma wimbo taratibu, kadi yoyote inatosha, hata iliyochoka. Simu ikirekodi video inaandika, tena inaandika mbio, kadi isipomudu inaangusha mzigo njiani.

Mama akasikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo redio inasoma, simu inaandika."

"Ndiyo."

"Na kuandika ndiyo jembe."

"Ndiyo, mama."

"Sasa si ungesema hivyo tangu mwanzo? Unakuja hapa na 'kali, kali'. Pilipili nayo ni kali."

Aisee. Nimewaeleza wateja jambo hilo kwa miaka, nimechora mpaka kwenye karatasi za kufungia, sijawahi kulisema kwa ufupi namna ile. Siku hizi ndivyo ninavyowaambia kibandani: unataka ya kusoma au ya kuandika? Wanaelewa palepale, na sifa nazichukua mimi.

Ila jioni ile nilikuwa na hofu tu. Maziwa yalikuwa yameisha, na mama bila ng'ombe haimbi. Nilimwomba aimbe hivihivi, nimekaa naye jikoni. Akakataa. "Nimwimbie nani? Sufuria?" Ikabaki asubuhi, mara moja, kabla ya gari.

Alfajiri tukatoka. Kadi kali ilikuwa imerudi kwenye simu. Mama akakaa, akaegemeza kichwa kwenye ubavu wa ng'ombe, akaimba, na simu ikaandika. Ile namba nyekundu ya sekunde ikawa inatembea, inatembea, haisimami. Ni hapo tu, hofu ilipopungua, nikaanza kusikia maneno yenyewe.

Sikuwa nayajua. Ule wimbo aliutunga mimi nimeshaondoka. Alikuwa anamwambia ng'ombe: nilitoa mtoto nikapewa mama yako, mama yako akanipa wewe, nilitoa mtoto, basi usininyime maziwa.

Kila asubuhi na kila jioni, miaka yote hiyo, mimi niko Kamunyonge napanga bei ya chaja, mama alikuwa anayasema hayo kwenye ubavu wa ng'ombe.

Tulipofika Bunda gari likasimama, watu wakashuka kununua mahindi ya kuchoma. Mama akaomba aione video. Nikamshikia simu, akaitazama yote bila kupepesa.

"Kumbe naimbaga vizuri hivi!" Akacheka sana, mpaka jirani kwenye kiti akageuka. Nikamuuliza habari ya yale maneno, kwa nini hakuwahi kuniambia. Akasema, "Nikuambie ili iweje? Uvunje ndoa yako urudi kushika mkia wa ng'ombe?" Kisha akaomba aisikie tena. Kicheko kile cha Bunda ndicho cha mwisho kwa sauti yake ile.

Operesheni ilikwenda salama, namshukuru Mungu mpaka leo. Shingo ikawa nyembamba, pumzi ikarudi, akalala chali kama mtoto. Sauti haikurudi. Ilibaki kama mchakacho tu, kama mtu anayeburuta mkeka sakafuni. Alipojaribu kuniita mara ya kwanza pale kitandani, mimi ndiye niliyelia. Yeye alinikunjia uso, akanionyesha kwa kidole nifute machozi watu wanaona.

Wifi akawa anapiga simu kutoka nyumbani. Ng'ombe anabana. Maziwa hayajazi hata kikombe cha chai, na ndoo moja imeshapasuka kwa teke. Nikamwambia subirini, dawa ninayo hapa kwenye simu.

Siku tuliporudi Butiama mama hakupumzika hata kidogo. Aliingia zizini na kitenge cha safari. Ndama akafungwa, akakaa kwenye kigoda, akanipa ishara. Nikaweka video, sauti nikaipandisha mpaka mwisho. Wimbo ukatoka msafi, kila neno, hata mlio wa maziwa ya siku ile kwenye ndoo unausikia. Nilijivunia ile kadi kama nimeizaa.

Ng'ombe akainua masikio. Akaitazama simu. Akamgeukia mama, akamnusa bega, akaitazama tena simu. Maziwa hayakutoka. Akaanza kucheza na miguu ya nyuma, na mama akanionyesha kwa mkono: zima.

Nikazima. Nilitaka ardhi inimeze, maana hiyo ndiyo ilikuwa ahadi yangu yote.

Mama akavuta kigoda karibu zaidi. Akaweka kichwa palepale anapowekaga, akafungua mdomo, akaimba kwa ule mchakacho. Haikuwa sauti ya kuimbia. Mimi niliyekuwa hatua mbili tu nilisikia nusu. Lakini yeye alikuwa ameugusisha mdomo kwenye ngozi, na ng'ombe akatulia. Ngozi ya ubavu ikatetemeka kidogo, kama anafukuza nzi. Halafu maziwa yakaja. Kwanza uzi mmoja, kisha nyuzi mbili mbili, ndoo ikaanza kulia.

Bila kugeuka, mama akasema kwa shida, "Rekodi."

"Mama, ile nzuri ipo. Haijafutika."

"Ile iweke kwenye redio, niwe naisikiliza," akasema, anapumzika kila baada ya neno. "Kwenye simu andika hii. Si ndiyo jembe?"

Nikapiga magoti kwenye samadi ili simu ifike karibu na mdomo wake, nikabonyeza. Akarudia toka mwanzo: nilitoa mtoto nikapewa mama yako, mama yako akanipa wewe. Alipofika pale pa usininyime maziwa, hakusema hivyo. Alisema: mtoto niliyemtoa amekuja, amepiga magoti hapa, toa maziwa anywe.

Nimeitazama video hiyo mara nyingi kuliko zote zilizomo kwenye simu zangu. Inatetemeka mwanzo hadi mwisho, huwezi kuuona vizuri uso wa mama wala paji la ng'ombe. Lakini haikukatika hata mara moja.