Duka ya buloni ya Mama Ndaya

Mi Kitenge, nilijenga duka yangu hapa Kolwezi kwa matofali ya kuchoma na simenti, miaka mitatu mizima. Jirani yangu Mama Ndaya, mujane wa Kasai, alimaliza yake kwa siku mbili: mbao, mabati na buloni, vile vyuma vya kukaza na nati, hakuna musumari. Alikuja kuazima kwangu funguo ya kukazia buloni. Nikamucheka, nikamuambia ile ni nyumba ya kuku.

"Kiwanja si yangu, tata," alijibu. "Siku mwenyewe akinifukuza, nitabeba duka yangu."

Lakini batu balikuwa bananunua kwake. Mi nilikaa kwenye baraza yangu ya simenti, nikihesabu bateja bake kwa wivu.

Mwaka wa 1993 kazi ya mugodi ilikuwa imekufa, na benyeji ba hapa bakaanza kufukuza Bakasai, batu ba kutoka Kasai. Sikumutetea. Niliwaza tu kama sasa bateja batakuja kwangu. Mama Ndaya akaazima tena funguo yangu, akafungua buloni moja moja, na ndugu zake bakabeba duka mpaka gare, kule Bakasai balikuwa banangojea treni.

Kwa muda wa wiki tatu, hakuna mutu aliingia kwangu. Nikaenda gare kudai funguo. Duka yake ilikuwa imesimama pembeni ya reli, na bateja betu bote ba zamani balipanga mustari mbele yake. Nilimuonea wivu hata pale.

Alinirudishia funguo, ameipakaa mafuta.

"Pole, tata," alisema. "Ile duka yako haibebeki."